Mvua Haijaharibu Wikendi Yako

Ikifika katikati ya Septemba, simu za watu wa Nairobi huanza kupukutika majani. Nje hakuna jani lililoanguka. Mikuyu imesimama na kijani chake, miparachichi ya watu imesimama, na jakaranda ndiyo kwanza zinajiandaa kuchanua. Lakini kwenye skrini ni majani ya rangi ya machungwa, sweta nzito, kikombe cha kahawa kinachofuka mvuke, na kapo imekaa kwenye gati la mbao, kichwa cha dame kwenye bega la chali, mbele yao ziwa limetulia na nyuma ya ziwa kuna mlima. Chini wameandika: "Autumn escape. Kapo 10 pekee. Lipa polepole." Ukiuliza ziwa ni lipi, unaambiwa ni Ellis, Mlima Kenya, upande wa Chogoria. Ukiangalia picha vizuri, ile misonobari ni ya nchi ambayo wewe na mimi tungehitaji viza kuiona.

Nina ugomvi na tangazo hili, na si ugomvi wa Kiingereza chake. Oktoba hapa kwetu ni mwezi wa mvua. Mvua hiyo ndiyo inayojaza ziwa. Sasa tunauziwa ziwa na mtu huyo huyo anayetufundisha kuilaani mvua, halafu Jumatatu tunarudi kazini tunaambia watu: ilikuwa poa, sema tu mvua ilituharibia wikendi.

Mvua haikuharibu chochote. Ilikuwa nyumbani kwake. Mgeni ni wewe.

Tuanze na hiyo autumn yenyewe. Niliacha chuo mwaka wa pili, sina digrii ya kumtisha nayo mtu, lakini hii tulifundishwa darasa la sita na mwalimu mwenye kipande cha chaki na globu iliyopasuka. Kule kaskazini, mwaka ukielekea mwisho, mchana unafupika. Mti unapata habari kwamba baridi kali iko njiani, unavuta chakula chake kutoka kwenye majani, kijani kinafifia, rangi nyingine zinatokea, majani yanaanguka. Ni mti unaojipanga kabla mambo hayajawa mabaya. Kilele cha Mlima Kenya kiko chini ya kilomita 20 kusini mwa ikweta. Hapo mchana na usiku vinakaribiana urefu mwaka mzima. Hakuna wa kuuambia mti wa huko kwamba ni Oktoba.

Tena mlima ule una mmea ambao ungelicheka tangazo hili kama ungekuwa na mdomo. Umeuona kwenye picha za watu: shina nene, kimo cha mtu au zaidi, na juu kichwa kama kabeji iliyokosa adabu. Wataalamu huuita Dendrosenecio. Majani yake yakifa hayaanguki. Yanabaki yamelikumbatia shina, tabaka juu ya tabaka, kama koti, kwa sababu kule juu baridi haingoji msimu. Inakuja kila usiku. Saa sita mchana unavua jaketi, alfajiri unakuta nyasi zimeganda nyeupe. Mmea huo ungepukutisha majani yake ungekufa. Yaani ukitafuta kitu kinachopinga autumn kwa mwili wake wote, kiko hapo hapo mnapopigia picha za autumn.

Hata neno limetuchezea. Ukitafuta Kiswahili cha autumn, mara nyingi unaletewa vuli. Nimeona vuli kwenye tafsiri za hadithi za watoto, theluji iko karibu, kindi anaficha njugu zake, na msimu ni vuli. Lakini muulize mtu wa pwani vuli ni nini. Atakwambia ni mvua, zile za mwisho wa mwaka, kati ya Oktoba na Desemba. Hakuna jani linaloanguka ndani ya neno hilo. Kuna jembe. Wakikuyu huiita mvua hii mbura ya mwere, mvua ya mawele, na ile ya Machi huiita mbura ya njahi. Msimu umepewa jina la kitakachokuwa kwenye sufuria. Sisi watoto wa ploti za Kasarani na Rongai tumeuchukua msimu huo huo, tukaupa jina la sweta.

Sasa mtu ataniambia ni matangazo tu, kila tangazo hudanganya, tulia. Nimeshakuwa upande wa pili wa matangazo hayo, kwa hivyo sitatulia.

Mimi huandika kwa oda. Maelezo ya viatu vya mtumba vya mtandaoni, wasifu wa watu wanaotafuta kazi, mara moja hata hotuba ya harusi ya mtu nisiyemjua. Mwaka juzi, mwezi wa tisa, kampuni moja ya safari, ambayo jina lake halitupeleki popote, ilinipa kazi ya kuandika maneno ya matangazo yao ya Oktoba. Sh500 kwa tangazo, na juu yake nafasi ya watu wawili kwenye safari yenyewe. Nikaandika la kwanza: njoo mlale mkisikia mvua juu ya hema, wawili tu, mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Nililipenda. Lilirudi limepigwa mstari. Toa mvua. Nikaweka ukungu. Toa ukungu, weka kitu kizuri. Matope yalikuwa mwiko hata kwa utani. Baridi iliruhusiwa, ila iwe baridi ya kukumbatiana, isiwe ile ya meno kugongana. Mwishowe walinitumia picha kumi za kuigia, zote za Ulaya na Marekani, na agizo moja: andika kama uko hapa.

Halafu, chini kabisa ya fomu ya malipo, kwa herufi za kuhitaji miwani ya babu, kulikuwa na sentensi ambayo mimi sikuiandika: pesa hazitarudishwa kwa sababu ya hali ya hewa.

Kwa hivyo mvua waliijua. Waliiandika, tena vizuri kuliko mimi. Sema tu waliiandika mahali pa wakili, wakaificha mahali pa mteja. Huo si uongo wa kawaida wa tangazo, ule wa sabuni kung'arisha kuliko sabuni zote. Huo ni mtu anayejua hasara iko wapi na anakusogeza taratibu ukasimame hapo.

Tulienda. Oktoba ina sikukuu mbili, Siku ya Mazingira tarehe 10 na Mashujaa tarehe 20, na zikiangukia Ijumaa au Jumatatu hizo ndizo wikendi zinazouzwa. Tuliondoka Nairobi saa kumi alfajiri, kapo sita kwenye nisani moja: Thika, Embu, Runyenjes, Chuka, kisha lile daraja la Nithi ambalo kila mtu wa njia ya Meru analipita kimya. Chogoria tukabadilisha magari. Kutoka mjini hadi geti la mbuga ni karibu kilomita 30, na zile Land Rover kuukuu za pale hazipo kwa ajili ya urembo. Tulipomaliza mashamba ya chai na kuingia msituni, mvua ikaanza. Si manyunyu. Mvua.

Wala hakuna aliyepaswa kushangaa. Upande ule wa mlima, mashariki na kusini-mashariki, ndio unaopokea mvua nyingi kuliko pande zingine. Upepo unapanda kutoka Bahari ya Hindi na unyevu wake, unagonga mlima, unamwaga. Nanyuki iko nyuma ya mlima, ndiyo maana ni kavu. Mianzi ya Chogoria ni mirefu na minene vile kwa sababu hiyo. Mtu anayekuuzia upande huo, mwezi huo, bila neno mvua, ni kama anayekuuzia Lodwar bila neno jua.

Gari letu lilikwama mara mbili. Dereva, mzee mmoja mtaratibu mwenye koti la mvua lililoshonwa begani, alishuka akakata matawi bila haraka, huku wasee wamesimama kando na viatu vyeupe. Chali mmoja akamuuliza, "Mzee, hii mvua itaisha saa ngapi?"

Mzee akamwangalia. "Kijana yangu, hii tumeingoja tangu mwezi wa nane. Wewe unataka iishe saa ngapi?"

Hakuna aliyecheka isipokuwa mpenzi wangu. Yeye ni wa Kitui, na hapa lazima niseme kidogo kuhusu Kitui, kwa sababu bila hiyo haya yote ni kelele za mtu wa Nairobi. Huku kwetu wa miji tunadhani mvua kubwa ni ile ya Machi na Aprili, na hii ya Oktoba ni kama chenji. Ukambani na nyanda za chini za Tharaka ni kinyume: mvua ya vuli ndiyo ya kutegemewa, ndiyo inayobeba ndengu, kunde, mtama na mawele. Vuli ya 2020 ilikosa. Msimu uliofuata ukakosa. Ikaendelea hivyo, misimu mitano mfululizo, hadi mwisho wa 2022. Mama yake alipanda kila msimu. Watu husahau hilo wanaposikia neno ukame, wanadhani watu walikaa tu wakiangalia mawingu. Walipanda. Mara tano walitoa mbegu ndani ya gunia, mbegu ambayo ni chakula, wakaitia kwenye udongo, na mara tano udongo ukaila.

Kwa hivyo tulipofika geti, mita 2,950 hivi, watu wengine walikuwa wanatafuta mtandao ili warushe video ya mvua na maneno ya kulalamika. Yeye alikuwa anatafuta mtandao ili apige simu nyumbani. Alipata kiambo kimoja cha mtandao nyuma ya choo, akasimama hapo amejifunika kichwa na mfuko wa hema. Nilisikia upande wake tu. "Mama, huko imeanza? ... Tangu lini? ... Ya kushika udongo ama ya kupita tu?" Akarudi ameloa, anacheka peke yake. Nikamuuliza vipi. "Imeshika," akasema, na hiyo ndiyo sentensi ya mapenzi zaidi niliyoisikia wikendi hiyo nzima, na haikuwa ya kunihusu.

Ndani ya hema lililofuata, dame mwingine alikuwa analia. Kichwa kilikuwa kinampasuka. Nairobi iko mita 1,700 na ushee. Ziwa Ellis liko juu ya msitu, kwenye uwanda wa nyasi, mita 3,400 na zaidi. Kumtoa mtu Nairobi alfajiri na kumlaza huko usiku huo huo ni kumbahatisha. Mwili unahitaji muda kuzoea hewa nyepesi, na dalili ya kwanza ya kutozoea ni kichwa hicho na kichefuchefu. Dawa ya uhakika ikizidi ni kushuka. Tangazo halikusema. Kiongozi wa kampuni alimpa vidonge viwili na kumwambia ajaribu kufurahia. Chali wake, ambaye kwenye nisani alikuwa ametusimulia kwamba safari ameilipia kwa mkopo wa simu, alikuwa anarudia kwa sauti ya chini ambayo kila hema iliisikia: "Sh18,000. Sh18,000 na wewe unalia."

Nimemfikiria sana huyo chali, na simchukii. Amewekwa kwenye mtihani usio na jibu sahihi. Siku hizi mapenzi ya mjini yameletewa mitihani ya kitaifa: Februari maua, Disemba pwani, na sasa katikati tumechomekewa hii ya Oktoba na sweta. Chali asiyempeleka dame wake mahali hana mpango. Akimpeleka, mahali lazima pafanane na picha. Dame naye kazi yake ni kufurahi, na kufurahi kuonekane, kwa sababu furaha yake ndiyo risiti. Akiumwa, ameharibu. Mvua ikinyesha, imeharibu. Watu wawili wanaopendana wanafika kwenye mlima wa pili kwa urefu Afrika na kitu pekee kilichobaki cha kufanya ni kukagua kama bidhaa ilifika jinsi ilivyoagizwa. Manze, hata mapumziko tumeyafanya kazi ya mwisho wa mwezi.

Asubuhi mvua ilikatika kwa saa mbili. Ziwa lilikuwa la rangi ya risasi, na nyasi zile ngumu za mafungu zilikuwa za dhahabu. Hii ndiyo sehemu inayoniudhi zaidi: nyasi zile zina rangi hiyo mwaka mzima, kwa sababu hazitupi majani yake yaliyokauka. Huhitaji hata kudanganya. Unapiga picha, unaongeza machungwa kidogo, unaandika autumn, na hakuna mtu Nairobi atakayekuuliza. Saa mbili zile kapo zote zilipiga picha. Hata yule aliyelia usiku alipaka rangi mdomoni akaegemea bega. Kufikia saa nne mvua ilirudi, tukashuka. Kwenye picha zilizotoka wiki ile hakuna tone la maji isipokuwa lile lililoko ziwani.

Na takataka tulizoziacha nyuma, kwani hizo nani atazipiga picha? Tangu tarehe 5 Juni 2020 ni marufuku kuingia na plastiki za kutumia mara moja kwenye mbuga na hifadhi za nchi hii. Niliona chupa, nikaona zile tishu za majimaji ambazo haziozi, zimefichwa chini ya vichaka kana kwamba mlima ni kochi la sebuleni. Wapagazi waliokuwa wakishuka na kikundi kingine waliokota walichoweza. Hao nao hawamo kwenye picha.

Kuna wasee wataniambia ninawaonea kapo wivu, wacha watu waishi. Nchi ni ngumu, kodi ya nyumba ni ngumu, mtu akipata siku mbili za kujifanya yuko kwingine, wewe inakuuma wapi? Hoja hii naiheshimu kuliko nyingine zote, kwa sababu ni kweli tumechoka. Mwaka 1943 Waitaliano watatu, wafungwa wa vita, walitoroka kambi ya Waingereza pale Nanyuki ili tu wapande mlima huu, kisha wakarudi wenyewe kambini wakajisalimisha. Felice Benuzzi, mmoja wao, aliandika kitabu kuhusu safari hiyo. Naelewa kabisa mtu kutoroka kitu kwa siku chache akijua lazima arudi. Lakini Benuzzi na wenzake walitoroka kwenda kwenye mlima waliokuwa wakiuona kwa macho yao kila mawingu yalipofunguka. Sisi tunatoroka kwenda kwenye picha, na mlima tunaukanyaga tu kwa sababu picha haina barabara.

Na hii ya kuleta nchi nyingine ikalale juu ya mlima haikuanza na sisi. Tazama ramani. Vilele vikubwa, Batian, Nelion na Lenana, vina majina ya viongozi wa Kimaasai, lakini hata hayo yaliwekwa na Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika Batian mwaka 1899. Mabonde na maziwa ndiyo kabisa: Teleki, Mackinder, Höhnel, Michaelson, Alice, Ellis. Mito ya milima yetu Waingereza waliitia samaki aina ya trauti mwanzoni mwa karne ya 20, ili wikendi mtu avue kama anavyovua kwao. Mzungu aliyesimama kando ya mto wa baridi, amevaa sufi, anangoja trauti, alikuwa na sababu yake hata kama sababu hiyo ilisimama juu ya shamba la mtu. Alikuwa amekumbuka kwao. Sisi tukivaa sweta na kuita Oktoba autumn, tumekumbuka kwa nani?

Sisemi watu wa autumn wasiisherehekee. Wajapani wana desturi ya zamani ya kwenda kuangalia majani mekundu, wana hata neno lake, momijigari, na mahali kama Ziwa Chuzenji kule Nikko, ziwa la mlimani kabisa, hujaa watu mwezi huo huo wa Oktoba. Kapo za Tokyo hupanda treni na mabasi kwenda kuona msimu wao ukifanya kazi yake. Hiyo ndiyo sehemu ya kuiga, kama lazima tuige: kwenda kuona msimu wako ukifanya kazi yake. Wetu unafanya kazi kwa kelele nyingi, usiku, juu ya turubai, na kufikia asubuhi kila kijito ulichokivuka jana kimebadilika rangi na sauti.

Maji hayo hayakai huko juu kusubiri picha. Mito ya upande ule, Nithi ikiwemo, ambayo huanzia pande za Ziwa Michaelson, huteremka kwenye korongo, ikapita mashamba ya chai na kahawa, ikashuka Tharaka kwenye joto, ikaingia Tana. Tana inapita Garissa, inapita Hola, inapita mashamba ya Wapokomo ambao tangu zamani hulima kwa kufuata mto unapofurika na kupungua, inafika baharini Kipini. Pale Kipini watu wanaongea Kiswahili ambacho ndani yake neno vuli halijawahi kumaanisha sweta. Mvua iliyokuudhi Jumamosi inaelekea kwao. Mwaka 2023, vuli ile ya El Niño, ilifika kwa wingi hadi ikafagia vijiji na kukata barabara ya Garissa, kwa hivyo simwambii mtu kwamba mvua ni malaika. Nasema tu ni kubwa kuliko ratiba yako.

Huko juu kabisa mambo ni mabaya zaidi. Mwanzoni mwa karne iliyopita watu walihesabu barafu 18 kwenye mlima huu. Zilizobaki leo ni vipande, na ile kubwa iliyopimwa kuliko zote, Lewis, ilipoteza sehemu kubwa mno ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Sisi ndio huenda tukawa kizazi cha mwisho kuziona. Barafu ikiisha, kitakacholisha mito ile ni mvua na msitu basi. Hiyo mvua iliyopigwa mstari kwenye kazi yangu. Ile ambayo kampuni haitaki iwe kwenye sentensi moja na mapenzi.

Mimi naamini inauzika. Mpenzi wangu na mimi tulikaa ndani ya hema lile saa kumi na moja mfululizo. Tulikula mkate na parachichi kwa sababu kuni hazikuwaka. Alinifundisha kutofautisha kwa sikio mvua inayoshika na mvua inayopita, kitu ambacho alifundishwa na bibi yake chini ya mabati, na mimi mtoto wa Umoja nikamfundisha kucheza karata tatu, akanishinda. Hatukuwa na picha hata moja nzuri. Sitaki kulifanya hili kuwa funzo, watu wengine saa kumi na moja hemani zingewaachanisha, na labda ingekuwa sawa tu, bora wajue mapema. Ninachosema ni kwamba tulikuwa mahali tulipokuwa.

Basi nyinyi mnaouza, uzeni. Sina haja mfunge biashara, wale madereva wa Chogoria wana watoto shuleni. Lakini zile Sh500 zenu kaeni nazo, hili nawapa bure, chapisheni kama lilivyo: Ziwa Ellis, Mlima Kenya, msimu wa vuli. Kutanyesha. Mtakwama njiani na mtasukuma gari. Tutalala usiku wa kwanza getini ili vichwa vizoee, na anayeumwa atashushwa bila kuulizwa bei. Chupa za plastiki zibaki Nairobi. Mkitaka kuona majani yakianguka, kateni tiketi ya Tokyo. Dereva analipwa kabla hatujaondoka. Beba soksi tatu.